Goti linauma nikirusha teke la kuzungusha. Nina miaka 61, niache?

Swali: Naishi Tabata, nimestaafu. Ujanani nilifika mkanda wa kijani wa taekwondo ya asili, mtindo wa ITF (Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo), na sasa nimerudi mazoezini. Nikirusha dollyo chagi, yaani teke la kuzungusha, kwa mguu wa kulia, goti la kushoto linachoma upande wa ndani. Vijana wananishauri nijinyooshe zaidi ili teke lifike kichwani. Natumia atenolol ya presha. Je, umri umenikataa?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Goti linalolalamika ni la mguu uliousimamia, wala si la mguu unaopiga. Kwa hiyo kabla ya kuulaumu umri, tazama unyayo wako wa kushoto.

Teke la kuzungusha hugeuza nyonga. Unyayo ukiganda sakafuni, paja linageuka huku muundi umebaki pale pale, na goti, ambalo kazi yake hasa ni kukunja na kukunjua, linasokotwa. Vipande vya gegedu vilivyo ndani yake ndivyo vinavyosagika, na kadiri miaka inavyosonga huchanika kwa urahisi zaidi. Mkeka wa mpira na jasho letu la Dar huzidi kuunasa unyayo.

Shika ukuta. Inua goti la kulia, nyanyua kidogo kisigino cha kushoto, kisha zunguka kwa sehemu ya mbele ya unyayo, nyuma ya vidole, hadi kisigino kielekee unakopiga. Hapo ndipo unyooshe mguu. Fanya polepole, teke lisipite kiuno, mpaka unyayo ugeuke bila kuufikiria. Ukiumia hata hapo, simamisha mateke.

Wakati huo rudia tul, yaani mifuatano ya miondoko iliyopangwa: Chon-Ji yenye miondoko 19 na Dan-Gun yenye 21. Zote mbili hazina teke hata moja, lakini zimejaa mageuko, na kila geuko linafundisha unyayo uleule. Mimi ningempa mtu wa umri wako tul hizo kabla ya teke lolote.

Kuhusu teke la kichwani, sikubaliani na vijana. Nyonga iliyoanza kulika huzuiwa na mfupa wenyewe, na kujinyoosha hakubadilishi mfupa. Ukisikia maumivu kwenye kinena, usilazimishe.

Atenolol hupunguza mapigo ya moyo, kwa hiyo usijipime kwa mapigo. Jipime kwa maneno: ukishindwa kumaliza sentensi, punguza kasi. Toa pumzi kila unapopiga, maana kuibana hupandisha presha. Miezi ya joto, Desemba hadi Machi, fanya alfajiri. Dawa usiiache wala kuipunguza bila daktari wako.

Goti likivimba, likikwama bila kunyooka, au likikuachia ghafla ukitembea, usingoje mazoezi yalitibu. Nenda hospitali lipimwe, na ukipewa rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, usiiahirishe.