Laptopi ya kuchorea: kioo kwanza, kibandiko cha prosesa mwisho

Muuzaji akikuonyesha laptopi, kidole chake huenda moja kwa moja kwenye kibandiko cha prosesa, yaani ubongo wa mashine. Core i7, Ryzen 7, na bei inapanda hapo hapo. Kwa anayechora na kubuni nembo, mabango au majalada ya vitabu, hicho ni kibandiko cha kusoma mwisho. Pesa zitangulie kwenye vitu ambavyo ukishanunua huwezi kuvibadilisha. Kioo hakibadilishiki kirahisi. RAM, kumbukumbu ambamo kazi uliyoifungua hukaa, kwenye mashine nyingi nyembamba za siku hizi imelehemiwa kwenye ubao mama na haiongezeki. Diski, kalamu, hata kioo cha pili cha mezani vinaweza kusubiri.

Tuanze na kioo, maana ndiko wengi wanakopotelea. Laptopi nyingi za bei ya chini hufanya kazi vizuri tu, ila zinadanganya rangi. Kioo kilichoandikwa 45% NTSC (kipimo cha zamani cha upana wa rangi) kwenye karatasi ya sifa kinafikia takriban asilimia 60 hivi ya sRGB, ambao ndio wigo wa rangi wa kawaida wa wavuti. Nyekundu iliyokolea inatoka kama tofali lililofifia, nawe unaikoleza zaidi kufidia usichokiona. Mteja akifungua kazi hiyo kwenye simu yenye kioo kizuri kuliko chako, rangi zinapiga kelele. Tafuta maneno "100% sRGB". Ukikuta 72% NTSC, ukubwa wake ni karibu sawa na huo. Karatasi isiyosema lolote kuhusu rangi, ichukulie kuwa ni ya 45%. Kioo kizuri hakifichwi na anayekiuza.

Kazi ikiishia kwenye simu na mitandao, sRGB kamili inatosha. Kazi ya kuchapishwa, hasa vifungashio vyenye buluu-kijani nyingi, inafaidika na kioo kinachofikia kwa sehemu kubwa Adobe RGB, wigo mpana zaidi upande wa kijani. DCI-P3, wigo wa rangi wa sinema, ni pana zaidi upande wa nyekundu na inapendeza kwa video, lakini ina mtego: programu isiyosimamia rangi huonyesha kila kitu kimekolea kupita kiasi kwenye kioo kipana. Kama laptopi ina hali ya sRGB kwenye programu yake ya kioo, itumie unapofanya kazi za wavuti.

Mtego mwingine ni jina la modeli. Modeli moja huuzwa na vioo viwili au vitatu tofauti, na toleo lililosifiwa kwenye video huenda si lile lililo mbele yako. Usinunue kwa jina. Soma namba kamili ya bidhaa kwenye kibandiko cha chini ya mashine au kwenye boksi, kisha uitafute hiyo. Ukiruhusiwa kuiwasha, programu ya bure kama HWiNFO inaweza kukuonyesha kitambulisho cha kioo chenyewe, na kwa kitambulisho hicho utapata sifa zake halisi.

Aina ya kioo inapimika kwa macho. Fungua picha ya kijivu tupu, kisha inamisha kifuniko mbele na nyuma. Kijivu kikigeuka cheusi juu au cheupe chini, hicho ni TN, aina ya zamani ya bei rahisi, kiache. Kioo cha aina ya IPS hubaki vilevile. OLED, aina ambayo kila pikseli huwaka yenyewe, ina weusi wa kweli na rangi pana, na kwa kuchora inavutia sana, ila ina mambo mawili. La kwanza, nyingi hupunguza mwangaza kwa kuwaka na kuzima kwa kasi, na baadhi ya watu huumwa kichwa wakitumia mwangaza mdogo kwa saa nyingi. La pili, paneli za programu zinazokaa mahali pamoja mwaka mzima zinaweza kuacha kivuli cha kudumu. Kwenye Photoshop na Krita (programu ya bure ya kuchora), kitufe cha Tab huficha paneli zote. Kwenye OLED jizoeze kukitumia.

Mwangaza, unaopimwa kwa niti, usiwe chini ya niti 300, na 400 kama unakaa karibu na dirisha. Ukubwa wa pikseli 1920×1080 unatosha kwenye inchi 14 au 15; 1920×1200 au 2560×1600 ni bora kwa sababu urefu wa ziada unabeba pau za zana. 1366×768 ikatae hata ukipewa kwa bei ya kutupa. 4K kwenye inchi 15 hunyonya betri, na faida yake kwa mchoraji ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

RAM si jambo la kubahatisha, ina hesabu yake. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) ni pikseli 2480×3508, yaani kama milioni 8.7. Kila pikseli kwenye leya (tabaka la mchoro) ya biti 8 kwa kila rangi ina baiti 4, kwa hiyo leya moja iliyojaa ni karibu MB 35. Leya 50 zinafika GB 1.7 hivi; kwa biti 16, zidisha mara mbili. Sasa bango la A2 kwa dpi hiyohiyo: leya moja ni takriban MB 139, na leya 50 zinakaribia GB 7, kabla hujahesabu historia ya kutengua makosa, Windows yenyewe, na kivinjari chenye picha zako za rejea. Ndiyo maana Adobe wanataja GB 8 kama kiwango cha chini cha Photoshop na 16 kama kinachopendekezwa. GB 8 zinamtosha anayeanza na Krita kwenye A4. Mtu wa mabango au wa vitabu vya picha aanzie 16, na kama RAM imelehemiwa, afikirie 32 mapema.

Kujua kama imelehemiwa, fungua Task Manager, sehemu ya Performance, kisha Memory. Ikiandikwa SODIMM, ni kijiti kinachochomoka. Ikiandikwa Row of chips, ni chipu zilizoganda kwenye ubao. Kama kuna kijiti kimoja tu na nafasi ya pili iko wazi, hiyo ni neema: ongeza cha pili cha ukubwa uleule, na grafiki za ndani ya prosesa zitapata kasi zaidi kwa sababu zinaazima kumbukumbu hiyohiyo.

RAM ikijaa, Photoshop humwaga kazi kwenye diski. Hapo ndipo mashine yenye eMMC (hifadhi ya polepole ya mashine za bei ya chini) inapokwama, brashi inafuata mkono kwa kuchelewa na kila hifadhi inageuka mapumziko. Chukua SSD ya NVMe, aina ya diski yenye kasi, GB 512, na usiijaze zaidi ya asilimia 80. Photoshop pia huhifadhi hatua 50 za kutengua usipobadilisha kitu. Kwenye mashine ndogo zipunguze ziwe 20, utasikia tofauti.

Prosesa sasa. Brashi nyingi hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja (kitengo kimoja cha kazi ndani ya prosesa) kuliko wingi wa viini, kwa hiyo Core i5 au Ryzen 5 ya miaka ya karibuni inatosha sana. Shida ni majina. Core i7-7500U ina viini 2 tu, wakati i5-8250U iliyoifuata ina 4; aliyelipia "i7" hapo alilipia herufi. Kwa Ryzen za mfululizo wa 7000 za laptopi, tazama tarakimu ya tatu: 7520U ni usanifu wa zamani wa Zen 2, 7530U ni Zen 3, 7540U ni Zen 4, na zote zinaitwa Ryzen 5.

Kadi ya grafiki ya peke yake haihitajiki kwa michoro ya 2D wala nembo. Inahitajika ukiingia kwenye Blender (programu ya 3D) au video, na hapo tafuta NVIDIA yenye GB 6 au 8 za kumbukumbu yake. Wengi hukimbilia laptopi za michezo kwa ajili hiyo. Ni nzuri kwa nguvu, lakini zile za bei ya chini mara nyingi huwa na kioo cha 144 Hz (picha 144 kwa sekunde) chenye rangi hizohizo za 45% NTSC. Kasi ya kioo haikusaidii kuchagua rangi ya ngozi.

Joto lipime kwa kazi, usiishie kugusa tu. Acha programu itoe faili kubwa au video kwa dakika 20 na utazame kasi ya prosesa. Ikianza GHz 4 ikaishia chini ya 2, feni zimeshindwa. Gusa pia pale kiganja kinapotua. Mahali hapo pakichoma, patakuchosha haraka kuliko programu.

Kuhusu kalamu, njia salama ni laptopi ya kawaida yenye kioo kizuri pamoja na bamba la kuchorea la nje, la Wacom, Huion au XP-Pen, ukubwa wa kati. Likichoka unalibadilisha peke yake. Ukitaka kuchora juu ya kioo, fanya jaribio la rula: ilaze kimshazari, buruta kalamu polepole kama mtu anayehakiki mstari, kisha inua rula uangalie. Kalamu nyingi za kioo cha laptopi huacha mawimbi kwenye mstari wa mshazari wa polepole, na hakuna mpangilio utakaoyaondoa kabisa. Viwango vya mgandamizo 4096 dhidi ya 8192 visikusumbue. Muhimu ni kalamu ianze kuandika kwa mguso mwepesi.

Mgandamizo ukikosekana kabisa, aghalabu ni ugomvi kati ya Windows Ink na Wintab, njia mbili ambazo programu hupokea kalamu, si kalamu mbovu. Kwenye Krita kuna sehemu ya mipangilio ya bamba ya kuchagua kati ya hizo mbili. Badilisha, funga programu, ifungue tena. Photoshop kwa kawaida hutaka Windows Ink iwe imewashwa kwenye draiva, yaani programu inayoendesha bamba.

Hakikisha pia programu yako inaendana na mashine. Photoshop na Illustrator hazina toleo la Linux. Procreate ni ya iPad na iPhone, haiingii kwenye MacBook. MacBook za chipu za M zina vioo vizuri sana na hazinguruma, lakini kumbukumbu haiongezeki baada ya kununua, wala kioo hakipokei kalamu. Laptopi za Windows zenye chipu za ARM (aina tofauti na za Intel na AMD) zichunguze upande wa draiva ya bamba lako kabla ya kutoa hela.

Ukinunua iliyotumika, fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itataja uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wa sasa. Ikiwa chini ya asilimia 70, hesabu bei ya betri mpya. Programu ya CrystalDiskInfo itakupa afya ya SSD. Jaza kioo chote rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu kwa zamu, utafute pikseli zilizokufa. Kwa Intel, usishuke chini ya kizazi cha 8, kwa sababu Windows 11 haitambui rasmi karibu zote za chini yake na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama ni Mac, mwenyewe aiondoe kwenye akaunti yake mbele ya macho yako.

Siku ya kwanza nyumbani, zima mwanga wa usiku, True Tone (mpangilio wa Mac unaobadilisha rangi kulingana na mwanga wa chumba) kama ipo, na ule mpangilio wa Windows unaobadilisha mwangaza kulingana na kilichopo kwenye kioo. Huo wa mwisho ndio unaowafanya watu waape kwamba rangi zao zinahama zenyewe. Ukipata au kuazima kipima rangi, acha kioo kiwake dakika 30 kwanza, kisha lenga nyeupe ya 6500K, gama 2.2 na mwangaza wa niti 120, au pungufu ya hapo kidogo kama kazi inaenda kwa mchapishaji.