Samaki Wasio Wangu, na Cheo Kilichochelewa

Juzi usiku kijana mmoja, Mhadhiri Msaidizi, kanitumia ujumbe: "Shikamoo Dokta. Nina machapisho sita, nimenukuliwa mara tisa. Jirani yangu wa ofisi ni mtu wa afya, ana mia nne na ushee. Nifanyeje?" Nikacheka, halafu kicheko kikaisha. Hilo lilikuwa swali langu mwaka 2019.

Mwaka huo niliomba kupanda kuwa Mhadhiri Mwandamizi, katika chuo ambacho sitakitaja. Faili langu lilikuwa na makala kumi na moja, nyingi za tenzi, zote nimeandika peke yangu. Nililipeleka masijala mwenyewe, kifua mbele.

Wiki kadhaa baadaye mkuu wa idara akaniita, akanigeuzia kompyuta yake. Ukurasa wangu wa Google Scholar, ule mtandao unaohesabu makala ya mtafiti yamenukuliwa mara ngapi: nimenukuliwa mara 654. Nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Akateremsha kidole taratibu: utenzi, utenzi, majina ya mitaa, kisha sangara wa Ziwa Viktoria. Sangara tena. Mtu mwenye herufi ya kwanza na jina la ukoo kama langu ni mtaalamu wa uvuvi, na kwa kuwa niliuacha mfumo uniongezee makala wenyewe, ulinimwagia tenga lake zima. Tukatoa samaki. Zikabaki 14.

"Kumi na nne?" akauliza mjumbe mmoja wa kamati aliyekuwa amekaa dirishani, mtu wa sayansi. Hakuongeza neno. Hadi leo lile swali hunijia nikiwa napiga mswaki.

Acha niungame: nilikuwa nimewaona wale samaki miezi miwili kabla. Nilijiambia nitawatoa nikipata nafasi. Nafasi haikupatikana, mnanielewa.

Lakini kilichoniuma zaidi ni kupimwa kwa mizani isiyo yangu. Kile kipimo cha h tunachotishwa nacho alikibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Ni rahisi, ndiyo maana kamati zinakipenda. Hirsch mwenyewe, katika makala ileile, alionyesha kuwa wanabiolojia wana h kubwa kuliko wanafizikia wenzake. Sasa mtu wa tenzi akae wapi? Kuna makala ya mwaka 1951 kuhusu namna ya kupima protini ambayo kufikia 2014 ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Kila anayepima protini kwa njia ile anaitaja, basi, anaendelea na kazi zake. Mwaka 2015 wanafizikia wa CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, walitoa makala moja yenye waandishi zaidi ya 5,000, na kila mmoja ana haki ya kuiweka kwenye wasifu wake. Mimi mwandishi mwenzangu ni kikombe cha chai. Wanaoandika kuhusu vina vya kati tunafahamiana karibu wote, na wengi wetu tunaandika vitabu, ambavyo mashine hizi huvihesabu kwa kuruka ruka.

Nilichofanya baada ya hapo? Jina. Nilikuwa nimechapisha kwa majina matatu tofauti, mara na la babu, mara bila. Nikachukua namba ya ORCID, ya kumtambulisha mtafiti asichanganywe na mwingine: tarakimu 16, bure, dakika kumi. Nikazima ile ya kujiongezea makala. Nikaanza kuweka ikisiri ya Kiingereza chini ya ile ya Kiswahili. Na jina, narudia: moja, kila mahali.

Faili la pili, la kuomba cheo upya, nililifungua kwa ukurasa mmoja wa nani kaninukuu na kwa lipi. Kuna tasnifu ya uzamivu iliyojadili hoja yangu kurasa nane, ikaipinga nusu. Kurasa nane hizo mashine inaziandika 1, sawasawa na mtu aliyenitaja ndani ya mabano pamoja na wenzangu kumi. Nikaambatisha na Tamko la San Francisco la mwaka 2012, linalopinga kumpima mtafiti kwa kipimo cha jarida alilochapisha.

Na ninyi vijana, acheni majarida yanayowaandikia saa nane usiku kuwaita "profesa mashuhuri". Nililipa dola 150 mara moja. Makala ilikubaliwa baada ya siku tatu, hakuna aliyeihakiki, na kosa la tahajia nililoliacha kwenye kichwa chake bado lipo. Acheni na vikundi vya WhatsApp vya ninukuu nikunukuu. Mtu mzima, mwenye shahada tatu, unaomba kunukuliwa kama unavyoomba vocha! Andika kitu ambacho mwenzako atashindwa kukikwepa. Na jina liwe moja.

Barua yangu ya cheo ilitoka mwezi uliopita. Nimenukuliwa mara 61. Yule mjumbe wa dirishani tulikutana koridoni, akanipa mkono wa pongezi; nikasema asante, nikaenda zangu darasani.

Jumatatu mwanafunzi mmoja wa uvuvi kaniandikia kutoka Mwanza, anaomba data zangu za sangara. Nimemwelekeza kwa mwenyewe. Nikamuuliza kama tenzi zinaweza kumfaa, hajajibu.