Barua kwa mwanangu: eti mshindi wa piano anapatikanaje

Mwanangu Rehema,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unauliza kwenye lile shindano la piano la Chopin, yule mtunzi wa zamani wa Poland, kule Warsaw, mshindi anapatikanaje wakati wote wanapiga muziki wa mtu mmoja, na kama si upendeleo tu. Mi baba yako Warsaw sijafika, ila meza ya majaji wa kwaya nimeikalia miaka, na hilo swali lako, mama, hata majaji wenyewe linawatoa jasho.

Lilianza 1927. Mwalimu wa piano wa Poland, Jerzy Żurawlew, aliona vijana baada ya vita ya kwanza akili zao zote ziko kwenye michezo, Chopin wanamwona wa kizamani, akasema basi na sisi tuwawekee mashindano. Ujanja wa mwalimu kabisa huo! Toka hapo kwa kawaida ni kila baada ya miaka mitano, ukiacha vita ya pili iliyolisimamisha mpaka 1949, lililofuata likaja 1955, na korona iliyosogeza la 2020 likapigwa 2021.

Ni Chopin mwanzo mwisho. Raundi tatu mtu anapiga peke yake huku wanachujwa, fainali ndo anakaa na okestra. Hata piano unajichagulia, wanakuwekea za kampuni tofauti unapewa dakika chache uzijaribu, ukichagua vibaya shauri yako.

Sasa alama. Mwaka 2021 kila jaji alikuwa anatoa 1 mpaka 25, halafu anaandika ndiyo au hapana, apite asipite. Mwanafunzi wako humpi alama. Na ukitoa alama iliyoruka mbali na wastani, wanaivuta irudi karibu na za wenzako. Hapo ndo nilipocheka, maana kuna mwaka kwaya moja mi niliipa 80 jirani yangu kaipa 55, tukabaki tunaangaliana, kumbe mi nilikuwa nasikiliza besi yeye anahesabu waliochelewa kuingia kiitikio. Wastani ukatoka 67 na nusu, namba ambayo kati yetu hakuna aliyeisikia.

Kwa hiyo upendeleo sijui, ila wastani unambeba yule asiyemuudhi mtu. 1980 alikuja kijana wa Yugoslavia, Ivo Pogorelich, anapiga anavyojua yeye, majaji wengine wakampa alama za juu kabisa wengine za chini kabisa, akaishia raundi ya tatu. Martha Argerich, aliyelishinda shindano hilohilo 1965 na safari hii alikuwa jaji, akasema huyu ni jiniasi, akaacha ujaji akaondoka zake. Na 1932 ilikuwa kali zaidi, watu wawili walilingana alama, Alexander Uninsky na Imre Ungár wa Hungary ambaye alikuwa kipofu, wakarusha sarafu. Sarafu, Rehema! Uninsky akawa wa kwanza.

Lakini usije ukadhani aliyeshinda 1980 alibebwa. Ni Dang Thai Son wa Vietnam, wa kwanza kutoka Asia, kajifunza piano wakati wa vita, shule yao ya muziki imehamishwa kutoka Hanoi kwenda kijijini kukimbia mabomu, na mwalimu wake wa kwanza ni mama yake mzazi. Bruce Liu aliyeshinda 2021 na Eric Lu wa 2025 wote wamepita mikononi mwake, na miaka yote miwili mzee alikuwa pale pale meza ya majaji, anawasikiliza tu, alama haruhusiwi.

Ukipata bando mtafute huyo Pogorelich wa 1980 mtandaoni, msikilize mpaka mwisho, afu nitumie alama yako kati ya 25. Mi nimempa 24, mama yako 9, na toka chai ya asubuhi tunasemeshana kupitia kwa mdogo wako.

Baba