Nakala sita za Hogan, na kwa nini natazama mikono kwanza

Rafu yangu ya juu ina nakala sita za kitabu kimoja. Mke wangu alizitazama juzi akauliza, "Mzee, hiki si kitabu kimoja hiki?" Ni kimoja, kweli. Ni Five Lessons cha Ben Hogan, bingwa wa gofu wa Marekani, alichokiandika pamoja na mwandishi Herbert Warren Wind, kikatoka mwaka 1957. Maelezo ya namna ya kushika fimbo, kusimama na kuzungusha hayabadiliki kutoka nakala moja hadi nyingine. Kinachobadilika ni michoro, na hiyo ndiyo iliyonifilisi.

Michoro ni ya Anthony Ravielli. Alimpiga Hogan picha, kisha akachora kutoka kwenye zile picha kwa mtindo wa kukwaruza: ubao unapakwa wino mweusi, halafu mchoraji anachimbua weupe kwa ncha kali, mstari kwa mstari. Ndiyo maana mikono ya Hogan katika kitabu hiki ina mishipa na misuli utadhani umeichuna ngozi. Sasa chukua nakala ya zamani ya jalada gumu na nyingine ya jalada laini iliyochapwa miaka mingi baadaye kwenye karatasi duni, uzifungue pale anapoonyesha vidole vya mkono wa kulia. Kwenye ya zamani unahesabu mistari. Kwenye hiyo nyingine, mara nyingi, mistari imeshikana na kuwa doa, na huoni tena kidole kipi kinakaza na kipi kimelegea. Kwa mtu anayejifunza peke yake, bila mwalimu, hilo si jambo dogo. Mimi nilishika fimbo vibaya msimu mzima kwa sababu ya doa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukienda kununua, usianze na jalada. Nenda moja kwa moja kwenye mikono, somo la kwanza. Kisha somo la tatu, kwenye ule mchoro maarufu wa kioo cha kufikirika, kilicholala mabegani mwa mchezaji na kuegemea hadi kwenye mpira, kuonyesha njia ya fimbo. Ukiweza kuufuata ukingo wa kioo bila kukisia, hiyo ni nakala ya kusomea, hata kama jalada limechakaa.

La pili nililijifunza kwa hasara. Miaka michache iliyopita niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni nakala aliyoiita toleo la kwanza. Bei ilikuwa ya toleo la kwanza, kweli. Kifurushi kilipofika, ukurasa wa hakimiliki ulisema 1957, nikafurahi. Nikageuza ukurasa, nikakuta dibaji ya Nick Seitz. Dibaji hiyo iliongezwa katika matoleo ya miaka ya 1980. Mwaka 1957 haikuwapo. Mwaka wa hakimiliki unabaki vilevile hata kitabu kikichapwa upya mara hamsini. Kwa hiyo tafuta jina la mchapishaji, A. S. Barnes, kisha geuza nyuma. Ukiona mistari ya kusomwa na mashine dukani, au namba ya ISBN popote, rudisha rafuni. Mwaka 1957 vitu hivyo havikuwapo. Nilimwandikia yule muuzaji. Akanijibu kwamba hakimiliki ni ya 1957, basi. Sikuwa na la kumwambia.

Usichanganye pia na Power Golf, kitabu cha Hogan cha 1948. Wauzaji huviweka pamoja kama ndugu, lakini hicho kilitoka kabla ya basi kuligonga gari lake barabarani huku Texas, Februari 1949, ajali iliyokaribia kumuua. Hiki cha 1957 ni cha mtu aliyelazimika kujifunza kutembea upya, kisha mwaka 1953 akachukua mashindano makubwa matatu: Masters, US Open na The Open pale Carnoustie, Uskoti. Pia ni cha mtu aliyeteswa miaka mingi na mpira wa kupinda kushoto. Ushikaji anaoufundisha unauzuia ugonjwa huo. Kama mpira wako hupinda kulia, kama wangu, mfuate kwa tahadhari.

Ukitaka kuona michoro katika nafasi yake ya kwanza, tafuta jarida la Sports Illustrated la Machi na Aprili 1957. Masomo yalitoka humo kwanza, kwa sehemu tano, kabla ya kuwa kitabu. Kurasa za jarida ni pana, na Hogan anapumua humo. Lebo ya anwani ya msomaji wa kwanza iliyogandishwa kwenye jalada isikutishe, inakupunguzia bei tu. Cha kuogopa ni pini zilizopata kutu, maana kurasa za katikati ndizo huchomoka na kupotea. Hesabu kurasa kabla hujalipa.

Kuhusu maandishi ya penseli, hapa sikubaliani na wakusanyaji wenzangu. Wao wanataka usafi. Nakala ninayoipenda kuliko zote niliiokota kwenye lundo la vitabu vya mtumba hapa Fort Worth, mji aliokulia Hogan akibeba fimbo za watu kwenye uwanja wa gofu wa Glen Garden. (Nami nilibeba fimbo nikiwa mtoto, Moshi, kwa hiyo nina upendeleo.) Mwenyewe wa zamani aliandika tarehe pembeni ya mchoro wa kioo, kisha tarehe nyingine, kisha nyingine, zote mwezi mmoja. Mtu alikuwa akirudi pale pale baada ya kila mchezo. Kwa mnunuzi wa thamani, hiyo imeharibika. Mimi niliilipia kwa senti nilizokuwa nazo mfukoni.

Hiyo ndiyo hukaa kwenye mfuko wa fimbo. Zile tano hazitoki nyumbani. Kwenye majarida nimepata manne. Ninalolikosa ni la somo la nne, la kuishusha fimbo, na wanaocheza nami wanasema wameshaliona pengo hilo uwanjani.