Askari wa Bukini niliyempata kupitia viatu vyake

Mama mkwe wangu, mwenyeji wa bonde la mto Rhône huko Ufaransa, ametunza msharasi wa babu yake, chuma cha kutobolea ngozi ya viatu. Mpini ni wa mti, umelika pale gumba lilipokuwa likikaa. Babu huyo alizaliwa 1873, akapigana Madagaska, ile Bukini ya wazee wetu, kisha akashona viatu hadi uzeeni. Mengine yote ukoo ulikuwa umeyasahau.

Ukimtafuta mtu kama huyu, anza na kiatu, bunduki ifuate. Mimi nilianza na bunduki nikapoteza miezi mitatu. Nilikazania kumbukumbu za jeshi la Ufaransa zilizoko Vincennes, karibu na Paris, kumbe huko mahali pa kuanzia ni pa maafisa. Askari wa kawaida umtafute kwanza kwenye daftari la uandikishaji la mkoa wake, registre matricule, ambalo nyaraka za mikoa mingi zimeliweka mtandaoni bure. Chukua mwaka wa kuzaliwa, ongeza 20: huyu ni rika la 1893. Pitia faharasa ya majina kwanza, upate namba yake.

Hapo nikakosea tena. Alizaliwa Ardèche, nikamtafuta Ardèche, hayupo. Kijana aliandikishwa kule wazazi wake walikokuwa wakiishi alipotimiza miaka 20, na hao walikuwa wameshavuka mto kwenda Drôme, kwenye mji wa Romans-sur-Isère unaosifika kwa viatu.

Huko Drôme nilikuta wawili wenye jina lilelile. Mmoja mkulima, mwingine cordonnier, fundi viatu. Kazi ndiyo iliyowatenganisha. Ukurasa wake ulinitoa machozi: nywele nyeusi, macho ya kahawia, urefu mita 1.63, elimu daraja la 3, yaani anasoma, anaandika na kuhesabu. Chini yake, infanterie de marine, yaani askari wa miguu wa jeshi la wanamaji, kampeni ya Madagaska 1895, Ufaransa ilipoivamia nchi hiyo.

Mstari huo ni mfupi mno kwa mambo yaliyotokea. Askari waliteremshwa bandari ya Majunga, wakachimbishwa barabara kwenye vinamasi vya mto Betsiboka ili magari ya chuma ya mizigo yapite. Maradhi, malaria ikiongoza, yaliua zaidi ya watu 5,000 wa msafara ule. Waliouawa mapiganoni hawakuzidi kama 25. Kwa hiyo ukiona kwenye daftari kwamba mtu wako alirudishwa kwao mgonjwa, usipite haraka. Huenda ndiyo sababu ukoo wenu upo.

Baada ya jeshi, rudi kwenye cheti cha kuzaliwa na usome pembeni. Tangu 1897 ndoa huandikwa hapo, pamoja na mahali na tarehe. Yeye alioa 1899. Kwenye cheti cha ndoa wasome na mashahidi, maana enzi hizo walikuwa wanne: wawili wake ni mafundi viatu, na bila shaka ndio aliokaa nao kwenye meza moja ya kazi. Kama wako alioa au kuzaliwa makoloni, vyeti vingi viko kwenye nyaraka za ng'ambo, ANOM, mjini Aix-en-Provence, navyo vinasomeka mtandaoni.

Na tafadhali usiache daftari la sensa. Wafaransa walihesabu watu kila baada ya miaka mitano, nyumba kwa nyumba, na kazi ya kila mmoja. Nilifungua la 1906, nikafuata mtaa wao kidole kwenye kioo. Yeye, cordonnier. Mstari wa chini, mkewe: piqueuse, mshonaji wa ngozi za juu za viatu kwa mashine.

Nilimpelekea mama mkwe. Alisoma mstari wa pili mara mbili, akaushika ule msharasi. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba bibi yake naye alikuwa fundi.