Kile kisanduku usikiache wazi

Fomu ya kazi ya shule yetu, huku Eastlands, Nairobi, ina swali la saba: umewahi kupatikana na hatia mahakamani? Pembeni kuna visanduku viwili, ndiyo na hapana. Nimekaa ofisini miaka kumi na minne, kwanza karani, sasa nasimamia wafanyakazi wasio walimu, na hapo ndipo kalamu nyingi husita.

Wengi hujibu hapana bila nia ya kudanganya. Mtu alishikwa na mtungi wa chang'aa, akalala seli wikendi, Jumatatu akakubali mashtaka katika korti ya Makadara, akalipa faini, akapanda matatu akaenda zake. Kwake yeye mambo yaliisha. Hayakuisha. Ukikubali kosa ukatozwa faini umepatikana na hatia, hata kama jela hukuikanyaga. Kushikwa ukaachiliwa bila kufika kortini ni jambo lingine, na kesi iliyotupwa vilevile. Kama huelewi yako iliishaje, chukua namba ya kesi uende masijala ya korti uulize. Usibahatishe.

Mimi mwenyewe nilimharibia mtu hapo. Kijana wa shamba hapa shuleni, mchapakazi, aliniinamia sikioni: "Mzee, hii ya chang'aa niandike?" Nilikuwa na haraka ya kufunga ofisi. Nikamwambia, "Wacha wazi tu." Miaka miwili baadaye bodi ikaagiza kila mfanyakazi alete cheti cha maadili mema, kile cha polisi.

Hicho cheti hakina ujanja. Unaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nilipolipia mwisho ilikuwa Sh1,050, kisha unapiga alama za vidole kwenye kituo cha Huduma au makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi, Kiambu Road. (Fomu ya C24, ile ya alama za vidole, ichapishwe mbele na nyuma ya karatasi moja, ukienda na mbili utarudishwa saiba.) Jina unaweza kubadilisha, vidole ni vilevile. Faini ya kijana ikatokea.

Mwalimu mkuu alitaka kijana afutwe, funguo za stoo ya majembe zirudi jioni ileile. Nikamkumbusha kwamba hiyo siyo njia. Mwalimu ana TSC, tume inayoajiri walimu, lakini mpishi, mlinzi, matroni au dereva aliyeajiriwa na shule ya umma huwajibika kwa bodi ya shule, na bodi nayo inafungwa na Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya kufutwa kwa utovu wa nidhamu, mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Kwa hivyo ukipewa barua ya kujieleza, usiirarue, na usikimbilie kuandika ya kuacha kazi kwa hasira. Ijibu kwa maandishi ndani ya siku ulizopewa, baki na nakala, uende na mwenzako. Na usimchague rafiki mpayukaji. Chagua anayejua kunyamaza.

Kijana alikuja na mpishi. Kwenye kikao, hakuna aliyejali chang'aa. Mwanachama mmoja wa bodi hata alicheka. Swali lilikuwa moja, likirudi na kurudi: kwa nini hapa ni wazi? Kijana alinitazama mimi, niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za kikao. Hakunitaja. Ilinichukua muda, sisemi uongo, kuweka kalamu chini na kusema ni mimi. Aliponea kwa barua ya onyo la mwisho. Mimi nikapata yangu.

Mpishi, kwa taarifa yenu, alikuwa ameandika "ndiyo" siku ya kwanza: alipigana sokoni, akalipa faini, mwaka huu na huu. Mistari miwili. Hakuna aliyemuuliza tena.

Kuna kosa moja ambalo sina ushauri nalo. Aliyehukumiwa kwa kumdhulumu mtoto chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 asije kutafuta kazi shuleni, hata ya kukata nyasi, hata akiandika ukweli wote.

Kijana bado yuko, ua wa shule ameutengeneza vizuri sana. Lakini akiwa na fomu yoyote, hata ya SHA, bima ya afya ya serikali, hupita dirisha langu moja kwa moja, akaenda kumuuliza mpishi.