Kwa mnaoanza kukusanya slaisi za vimondo vya kaboni

Ndugu zangu, kabla hujalipia slaisi yoyote (kipande bapa kilichokatwa kutoka kwenye kimondo, jiwe lililoanguka kutoka angani) jifunze kwanza makundi ya vimondo hivi vyenye kaboni, yaani CI, CM, CV, CO, CR na wenzake, maana kila kundi lina tabia yake na matunzo ya CV ukiyapeleka kwenye CI utakuja kukuta unga kwenye boksi.

Mimi nashauri uanze na Allende. Ilianguka Mexico tarehe 8 Februari 1969, zikaokotwa zaidi ya tani mbili, kwa hiyo slaisi zake bado zipo sokoni, ni CV3 (namba inaonyesha kiasi jiwe lilivyobadilishwa na maji au joto), jiwe limeshikana vizuri na linafundisha macho. Chukua lensi ya kukuza mara 10, inamisha slaisi kidogo kwenye mwanga, utaona viduara vya kijivu, hizo ndo kondruli, afu kati ya kondruli hizo kuna madoa meupe yasiyo na umbo la kueleweka. Hayo madoa yana miaka kama bilioni 4.567, hakuna kitu yabisi cha zamani zaidi kilichoundwa kwenye mfumo wetu wa jua, dunia yenyewe ilikuwa haijakuwepo. Mpaka leo nikiyatazama mwili unanisisimka.

Murchison (Australia, Septemba 1969 hiyohiyo) ni CM2, nyeusi tii, laini, ndo ile walimokuta asidi za amino zaidi ya 70. Hapa bora kipande kidogo kinene kuliko kipana chembamba cha kupigia picha, kile chembamba kinakatika hata kwa kuinuliwa vibaya.

CI sasa ndo mtihani. Herufi I ni ya Ivuna, kimondo kilichoanguka Tanzania Desemba 1938, hakikufika hata kilo moja. Kondruli huzioni humo, ila ukiacha gesi kama hidrojeni, mchanganyiko wa elementi zake unakaribiana sana na wa jua. Orgueil ya Ufaransa, ya 1864, ukiitia maji inasambaratika, na ile mishipa yake myeupe ya salfeti (aina ya chumvi) watafiti walikuja kuona imeota hapahapa duniani, kwa unyevu wa hewa tu, jiwe likiwa limehifadhiwa! Kwa hiyo muulize muuzaji alikata kwa kutumia nini, maji, mafuta au alkoholi, na akianza kuzungukazunguka achana naye.

Jina nalo lazima ulikute kwenye database ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wataalamu wa vimondo. "NWA" (Northwest Africa, yaani kimeokotwa kaskazini magharibi mwa Afrika) bila namba maana yake bado hakijaainishwa, mtu asikuuzie kwa bei ya CR. Lebo za wamiliki waliotangulia usitupe hata moja. Na hizi sumaku kali za kujaribia mawe, tafadhali usizitumie, zinafuta usumaku wa kale uliobaki ndani ya jiwe na ukishafutika haurudi.

Kutunza: boksi lisilopitisha hewa, glavu, silika jeli (punje za kunyonya unyevu) ya ile inayobadilika rangi, ikibadilika iondoe siku hiyohiyo uweke kavu.